Kabla ya Seva, Tuongee Kuhusu Friji ya Kalokol

Wadau, leo mnivumilie. Najua mmezoea video za dakika moja, lakini hii stori haitoshi kwa dakika moja.

Wiki jana niliweka kipande kifupi kuhusu vituo vya data, yale majengo makubwa yaliyojaa kompyuta zinazoendesha akili bandia, na vile wakazi wa sehemu mbalimbali duniani wamekuwa wakiyapinga. Chini yake mtu akaandika: "Watu wa ushago ni wale wale dunia nzima, kila kitu wanapinga. Angalia Turkana, kila mradi ukienda huko ni kelele. Ndiyo maana mko nyuma." Hiyo komenti ilipata likes kuliko video yenyewe.

Nikakaa nayo siku mbili. Mimi ni wa Lodwar, na jamaa zangu wengine wako Kakuma. Nikajiuliza bila hasira: ni kweli sisi hupinga kila kitu? Nikarudi nyuma kusoma miradi mikubwa iliyokuja huku, mmoja baada ya mwingine. Nilichokuta ni watu waliosema ndiyo mara nyingi sana, wakaumia, halafu wakajifunza kuuliza maswali. Hayo maswali ndiyo wengine wanayaita kelele. Na kwa vile vituo vya data vinakuja Kenya, naona nchi nzima itayahitaji.

Tuanze na friji.

Friji iliyofanya kazi siku chache

Ukitoka Lodwar ukafuata barabara ya kwenda ziwani, baada ya kama kilomita 60 unafika Kalokol. Ni mji mdogo, wa joto na harufu ya samaki waliokaushwa. Hapo ndipo kilijengwa kiwanda cha samaki kwa pesa za msaada wa Norway, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiligharimu kama dola milioni 22. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: samaki watoke Ziwa Turkana, wakatwe minofu, wagandishwe, wasafirishwe kuuzwa mbali, na watu wa hapa wapate kazi. Mitambo ya kugandisha ilifanya kazi siku chache tu, kisha ikazimwa.

Mbona? Kuna jibu moja linalopendwa sana mtandaoni: ati Waturkana ni wafugaji, hawajui samaki, wazungu wakawajengea kiwanda cha samaki, ha ha ha. Watu wanacheka na kusambaza. Lakini walioishi kando ya ziwa walikuwa wakivua hata kabla ya Mnorwe wa kwanza kufika, na ushirika wa wavuvi wa huku ulikuwa na wanachama maelfu. Kilichoua kiwanda ni mambo mawili ambayo hayana uhusiano wowote na utamaduni wetu. Kugandisha samaki katikati ya jangwa kunataka umeme mwingi, na kunataka maji safi mengi. Gharama ya vyote viwili ilikuwa haibebeki. Juu ya hayo, katikati ya miaka hiyo ya 1980 ziwa lilirudi nyuma, na Ghuba ya Ferguson, ambayo ilikuwa shamba kubwa la samaki la Kalokol, ikakauka.

Kwa hivyo waliokosea hesabu ni waliochora mradi, lakini anayechekwa mpaka leo ni Mturkana. Kumbuka hilo, litajirudia.

Na ukumbuke pia lile jengo lenyewe: nyumba kubwa, kwenye joto, ambayo kazi yake ni kupoza vitu, na inayokufa bila umeme na maji. Kituo cha data ni nyumba ya aina hiyo hiyo. Badala ya samaki, ndani kuna seva. Ukiomba AI ikuandikie maneno ya picha yako, ukisikiliza wimbo mtandaoni, kuna seva mahali imepata joto kwa ajili yako. Ikishika joto sana inaharibika, kwa hiyo lazima ipozwe usiku na mchana. Unaweza kuipoza kwa mitambo ya hewa, ambayo hula umeme zaidi, au kwa maji yanayoachwa yapotee kama mvuke. Hakuna njia ya bure.

Turkwel: mto wetu, umeme wa wengine

Mradi wa pili ni bwawa la Turkwel. Mto Turkwel unaanzia Mlima Elgon, unashuka Pokot Magharibi, unapita hapa Lodwar, unaishia ziwani. Kati ya 1986 na 1991 serikali ilijenga bwawa kwenye korongo huko Pokot Magharibi. Ukuta wake una kimo cha mita 153, na mitambo yake inaweza kuzalisha megawati 106.

Sasa fuata waya. Laini kubwa ya umeme kutoka Turkwel ilijengwa kwenda kusini, mpaka kituo cha Lessos upande wa Eldoret, na kutoka hapo ikaingia kwenye gridi ya taifa. Lodwar, iliyo kando ya mto huo huo, iliendelea kwa miaka mingi kutegemea jenereta za dizeli. Yaani maji yalikuwa yanateremka kwetu, umeme wake unapanda kwa wengine.

Na hata maji yenyewe hayakubaki vile yalivyokuwa. Zamani mto ulifurika kwa majira yake. Mafuriko hayo ndiyo yaliyonywesha msitu wa kando ya mto, ambako wafugaji hukimbilia kiangazi kikiwa kikali, na ndiyo yaliyolowesha mashamba madogo ya mtama. Bwawa lilivunja ile ratiba. Mto sasa hufuata mahitaji ya mitambo, na msitu na mashamba yanachukua kinachobaki.

Kuna mtu aliyepinga? Wakati huo Kenya ilikuwa ya chama kimoja, na sheria iliyofanya tathmini ya mazingira kuwa lazima, na wananchi kusikizwa, ilikuja mwaka 1999. Bwawa lilikuwa na miaka 8 tayari. Kwa hivyo mtu akisema "wazazi wenu walikubali Turkwel", muulize waliulizwa wapi na nani.

Kakuma: ndiyo yenye masharti

Mwaka 1992 wakafika watoto na vijana waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan, wengi wakiwa wametembea mwendo usioelezeka. Kambi ikafunguliwa Kakuma. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, na wengine. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina karibu watu laki tatu.

Huo haukuwa mradi wa faida, ulikuwa msaada kwa watu waliokuwa wanakufa, na sitaki mtu anisome vibaya. Nina marafiki waliozaliwa ndani ya kambi. Lakini kwa macho ya mwenyeji ilikuwa hivi: kando ya Mto Tarach, ambao mara nyingi ni mchanga mtupu, mji mkubwa umeota ghafla. Visima vinachimbwa, chakula kinagawanywa, zahanati zinafunguliwa, na mama Mturkana ambaye mbuzi wake wamekufa kwa ukame anatazama kutoka nje ya ua. Kuni zikawa chanzo cha ugomvi, maji pia. Kulikuwa na mapigano, na watu walikufa pande zote mbili.

Angalia kilichotokea baadaye. Mwaka 2015 ilipoonekana kambi imejaa, ilitakiwa ardhi zaidi. Safari hii watu hawakuambiwa tu. Kulikuwa na mazungumzo kati ya serikali ya kitaifa, kaunti, UNHCR na jamii wenyeji. Jamii ikatoa kama hekta 1,500 kwa ajili ya makazi mapya ya Kalobeyei, kwa makubaliano kwamba shule, hospitali, maji na soko vitakuwa vya wakimbizi na wenyeji pamoja. Unaweza kubishana kama kila ahadi ilitimizwa, na huku watu wanabishana kila siku. Lakini wazo lenyewe, kwamba mradi mkubwa upangwe ukiwa na mwenyeji ndani tangu mwanzo, lilitoka kwenye miaka 20 ya malalamiko ambayo watu wa nje waliyaona kama roho mbaya.

Wale watu wanaopinga kila kitu walitoa ardhi kwa wageni. Hiyo hukuisikia kwenye komenti.

Lokichar: mafuta na barabara iliyofungwa

Machi 26, 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, kusini mwa Lodwar. Nchi nzima ilishangilia, na huku tulishangilia zaidi.

Oktoba 2013 wakazi waliandamana na kuingia maeneo ya kazi ya kampuni ya Tullow, wakidai kazi na tenda zinaenda kwa watu wa nje. Kampuni ikasimamisha shughuli, ikarudi baada ya kama wiki mbili na makubaliano mapya. Juni 3, 2018, Rais Uhuru Kenyatta akazindua safari za malori ya kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa. Kabla ya mwezi huo kuisha, wakazi walikuwa wamefunga barabara. Madai yao ya kwanza yalikuwa usalama: majambazi wanaiba mifugo na kuua watu, na serikali iliyoweza kulinda malori ya mafuta ilikuwa haijaweza kulinda mbuzi. Pia walidai kazi na tenda. Malori yalisimama mpaka Agosti.

Wengi wenu mnakumbuka vichwa vya habari: "Wakazi wazuia mafuta." Lakini soma madai tena. Nani hapo alisema mafuta yabaki chini ya ardhi? Walikuwa wanasema: mkipita hapa na utajiri, sisi tupate nini, na mbona ulinzi unafuata lori tu?

Na kuna hesabu nyingine iliyokuwa ikiendelea Nairobi. Bunge lilikuwa limepitisha mswada uliotenga asilimia 10 ya mapato ya mafuta kwa jamii inayoishi penye visima. Rais akaurudisha. Sheria ya Petroli iliyokuja kupatikana mwaka 2019 inagawa hivi: asilimia 75 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 5 jamii. Ukiwa unadhani watu wa Lokichar walikuwa na haraka, jua kwamba wakati wao wanaulizwa mbona hawatulii, fungu lao lilikuwa linakatwa katikati.

Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ikaondoka Mombasa. Bomba la kwenda Lamu lililoahidiwa halikujengwa. Mwaka 2025 Tullow ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy, ikaondoka. Ndiyo maana mzee wa Lokichar akikuambia "andika", anataka karatasi. Meneja aliyekuahidi kisima cha maji leo yuko nchi nyingine, na aliyekuja baada yake atakuambia hakuwepo.

Maji ya kwenye magazeti

Kuna wataosema: lakini Turkana si ina bahari ya maji chini ya ardhi? Hii nayo tuiseme.

Septemba 2013, serikali na UNESCO walitangaza kwamba kwa kutumia picha za setilaiti na uchimbaji wa majaribio, Turkana imepatikana na hifadhi kubwa za maji chini ya ardhi. Jumla ilitajwa kuwa mita za ujazo bilioni 250, nyingi zikiwa bonde la Lotikipi, kaskazini-magharibi, na nyingine hapa Lodwar. Magazeti yakaandika kwamba Kenya itakunywa miaka 70. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha maji ya Lotikipi ni ya chumvi, hayafai kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Hifadhi ya Lodwar ni ndogo zaidi, na mji wetu unaokua unaitegemea.

Nataja hili kwa sababu mwekezaji yeyote anayetafuta mahali pa kuweka mitambo hufungua intaneti kwanza. Akifungua atakutana na ile habari ya 2013, yenye herufi kubwa. Habari ya chumvi iko chini kabisa.

Upepo wa ng'ambo ya ziwa

Tuvuke ziwa kidogo, twende Marsabit. Mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana Wind Power una jina la ziwa letu, ila uko ng'ambo, upande wa Loiyangalani. Una mapanga ya upepo 365, megawati 310, na waya wa kilomita 428 unaopeleka umeme mpaka Suswa. Ni umeme safi, na Kenya inajivunia, kwa haki.

Lakini ardhi uliyopewa mradi ni ekari 150,000, malisho ya jamii za wafugaji, na ilitolewa wakati wa baraza la zamani la Marsabit. Wakazi walienda mahakamani mwaka 2014. Ilichukua miaka 7. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Wakati hukumu inasomwa, mapanga yalikuwa yanazunguka tayari.

Hapa ndipo kuna funzo kubwa kwa mtu wa kituo cha data. Wafugaji hawa hawakuwa na chuki na upepo. Walishinda kesi kwa sababu utaratibu ulirukwa. Na utaratibu ukirukwa, hata mwekezaji anaumia: anajenga kitu cha mabilioni juu ya karatasi inayoweza kufutwa.

Sasa, seva zenyewe

Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto Marekani, kampuni za Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, Naivasha, wa dola bilioni 1. Kingeendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100, na lengo la mbele gigawati 1, yaani megawati 1,000.

Weka hizo namba kando ya zile nilizokupa. Awamu ya kwanza peke yake ni karibu bwawa zima la Turkwel. Gigawati 1 ni zaidi ya mara tatu ya mradi wote wa upepo. Mwaka 2025, saa ambayo Kenya nzima ilitumia umeme mwingi kuliko zote, matumizi yalipita megawati 2,300. Jengo moja lingetaka zaidi ya asilimia 40 ya hiyo.

Na Olkaria si mahali patupu. Mwaka 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa umeme wa mvuke, zikapelekwa makazi mapya. Wakazi wakalalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wametoa mikopo. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilikubali kwamba kanuni za benki yenyewe hazikufuatwa ipasavyo, kukafuata usuluhishi. Kwa hivyo seva zikiwekwa pale na kuitwa za kijani, mtu wa Olkaria anajua ile kijani ilianza vipi.

Nje ya Kenya maswali ni yale yale. Huko Cerrillos, pembeni mwa Santiago, Chile, Google ilipanga kituo mwaka 2019. Wakazi wakasoma nyaraka za mradi wakakuta kinaweza kutumia lita 169 za maji kwa sekunde, na nchi iko kwenye ukame wa miaka. Hebu tuipige hesabu ya huku kwetu: hiyo ni kama mitungi 8 ya lita 20 kila sekunde, zaidi ya mitungi laki saba kwa siku. Wakapinga. Mwaka 2024 mahakama ya mazingira ikaamuru tathmini irudiwe, na Google ikasema itaanza upya na mfumo wa kupoza kwa hewa. Kumbuka, kabla ya kelele, teknolojia ya kutumia maji kidogo ilikuwepo. Kelele ndiyo iliyoifanya ichaguliwe.

Na The Dalles, mji mdogo wa Oregon, Marekani, gazeti lilipouliza Google inatumia maji kiasi gani, manispaa ilienda mahakamani kuzuia namba isitoke, ati ni siri ya biashara. Ilipotoka mwishoni mwa 2022, ilionekana vituo hivyo vinatumia zaidi ya robo ya maji ya mji mzima. Hao ni Wamarekani, wenye intaneti ya kasi na mabomba ya maji jikoni. Nao wanaitwa washamba wanaopinga maendeleo.

Maswali manne

Sisemi kuna kituo cha data kinakuja Lodwar kesho. Wala sisemi kisije kamwe. Ninatumia AI karibu kila siku, ingekuwa unafiki kujifanya seva ni dhambi. Na vijana wa Lodwar na Kakuma wanahitaji intaneti ya maana kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kuna wakimbizi Kakuma wanaofanya kazi za mtandaoni kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hawa wakisikia neno "seva" hawaoni adui.

Lakini tukiweka Kalokol, Turkwel, Kakuma, Lokichar na Marsabit mezani pamoja, maswali yanajipanga yenyewe.

La kwanza, maji: ni lita ngapi kwa siku, kutoka wapi, na kiangazi kikija nani anafungiwa bomba kwanza, seva au mifugo? Namba itolewe hadharani kabla ya kusaini.

La pili, umeme: waya unapita juu ya nyumba za nani, na hizo nyumba zitawashwa taa lini?

La tatu, ardhi: nani amekubali? Hapa sheria iko upande wetu, na vijana wengi hawajui. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii unatakiwa kupitishwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo kwenye mkutano. Na Katiba, kifungu cha 63, inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wananchi. Inashikiliwa, haimilikiwi. Sehemu kubwa ya Turkana bado haijasajiliwa, na hilo pengo ndilo la kuziba sasa, kabla mgeni hajafika na ramani yake.

La nne, kazi: ngapi, za nani, na mpaka lini? Vituo vya data huajiri wengi wakati wa ujenzi, kisha hubaki na wachache wa kuvilinda na kuvitunza. Wakituambia "ajira maelfu", tuulize mwaka wa tano zitakuwa ngapi, na nani anasomeshwa kuanzia leo ili awe fundi wa seva, asiwe askari wa lango peke yake.

Hayo maswali manne yangeulizwa Kalokol, pengine kungejengwa kitu kidogo kinachofanya kazi, vibanda vya kukaushia samaki kwa mfano, maana jua tunalo bure. Hakuna aliyeuliza, au aliyeuliza hakusikizwa, na dola milioni 22 zikaenda kwenye friji.

Kwa yule ndugu wa komenti, sina kinyongo. Umetuona tukifunga barabara kwa sababu kamera hufika siku ya kufunga barabara. Hazikufika siku tulipotoa ardhi ya Kalobeyei, wala miaka yote tulipokaa na jenereta kando ya mto uliokuwa ukiwasha taa za wengine, labda hata zako.

Na kwa vijana wa huku: mzazi au babu yako akiitwa kwenye baraza kuhusu mradi wowote, usimwache aende peke yake. Mwandikie hayo maswali manne kwenye karatasi, kwa Kiturkana chake au kwa Kiswahili, na wewe ukae kando yake na simu ukirekodi majibu. Kuna wengi wanaosaini kwa kidole gumba kwa sababu hakuna aliyewasomea. Wewe umesoma. Nenda ukawasomee.